Vita vya Baba na Posa ya Dada

Baba yangu alikwenda vitani mara moja tu, kwenye vita vile vya Mjerumani na Mwingereza, lakini hadi mimi napata akili alikuwa ameshavipigana upya mara elfu, na kila mara alishinda. Haikumsumbua hata kidogo kwamba Mjerumani mwenyewe alifukuzwa, na kwamba pale bomani Arusha ilikuwa ikipepea bendera ya Mwingereza. "Alishindwa Mjerumani," alikuwa akisema. "Mimi sikuambiwa."

Nyumbani kwetu kulikuwa juu kidogo ya Makumira, kwenye kahawa na migomba. Jumapili, watu wakitoka kanisani, walipitia kwetu kusikia habari za Rufiji. Ilikuwa hivi: Baba alilala nyuma ya kichuguu ukingoni mwa mto, akaachia risasi tangu jogoo la kwanza hadi jua la utosi, mpaka mtutu wa bunduki ukawa mwekundu na yeye akawashia kiko. Idadi ya waliokufa ng'ambo ilitegemea mavuno. Mwaka wa kahawa mbaya walikufa wachache. Kahawa ikikubali, mto uliziba. Na alikuwa na sauti ya kuwaamsha mbega upande wa pili wa mlima, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kusogea karibu.

Mama alivisikiliza vita hivyo kutoka jikoni. "Bado hajafika mtoni?" alikuwa akiuliza. "Ndizi zinapoa."

Wakati ninaousimulia nilikuwa kijana wa mjini, mchana nashona suruali kwenye duka la Mhindi mmoja, jioni nasoma shule ya usiku. (Mniwie radhi basi nikiona mambo makubwa kuliko yalivyo, elimu yangu yote niliipata kwa mwanga wa karabai, na karabai hukuza vivuli.) Nilipata habari kwamba dada yangu mkubwa anaposwa. Kijana alikuwa Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mfugaji, aliyekuja kununua ndizi za dada sokoni. Alinunua ndizi wiki hata wiki, nyingi za kulisha tarafa nzima, mpaka dada akamwambia aseme anachokitaka.

Nilipanda nyumbani Ijumaa. Dada akanivuta kando.

"Mdogo wangu, kesho ukae karibu na Baba. Asivuruge."

"Avuruge nini?"

"Mimi najua? Wewe kaa tu. Huyu asiponioa, nitazeekea hapa nikisikiliza Rufiji."

Alicheka alipokuwa akisema, lakini mikono yake ilikuwa ikisokota kanga.

Wageni waliuzunguka mlima kwa miguu, wakatufikia Jumamosi mchana. Alikuja baba wa kijana, mtu mpole kama maziwa, akaja mshenga, wakaja baba wadogo wawili. Nyuma yao alikuja bibi mzaa baba wa yule kijana, mkavu kama kuni za Januari, ameshika fimbo. Nikampa shikamoo, akanigusa kichwa. Kiswahili alikielewa, ila hakuwa na sababu ya kukitumia. Alijibu kila kitu kwa Kimaasai chao, na mwanawe akatafsiri.

Mama aliwapakulia loshoro, mahindi na maziwa mgando, na bakuli zilirudi zikiwa zimelambwa. Mazungumzo yakaenda kama maji ya mfereji. Ng'ombe walikubaliwa, blanketi la Mama likakubaliwa, Baba akawa anatabasamu kwa masharubu yote mawili. Kisha mshenga akauliza swali ambalo haliachwi kuulizwa.

"Kati ya nyumba hii na nyumba ile, kuna damu?"

Maana yake, kama kuna mtu wa ukoo mmoja aliyemuua mtu wa ukoo wa pili. Ikiwapo, watoto wa ndoa hiyo hawakai, na posa huishia hapo hapo. Watu hulijibu haraka, kama amina. Baba mdogo wa kwetu, mdogo wake Baba, alikuwa ameshafungua mdomo aseme hakuna.

Bibi akagonga fimbo chini. Akasema kwa muda mrefu, polepole. Mwanawe aliinamisha kichwa kabla ya kututafsiria.

"Mama anasema hivi. Mtoto wake wa kwanza, kaka yangu, alichukuliwa na Mwingereza kubeba mizigo ya vita. Alifika Rufiji. Hakurudi. Na huku sokoni, kila mtu anasema kwamba mzee wa nyumba hii alikuwa ng'ambo ya Rufiji na bunduki, na kwamba aliua watu wengi." Akamwelekea Baba. "Anauliza kama ni kweli."

Nilimtazama dada. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na kata mkononi, haiendi mtungini wala hairudi. Migomba yenyewe iliacha kuchakacha. Baba mdogo akamwinamia Baba, akanong'ona kwa sauti iliyofika barabarani:

"Sema wachache tu."

Baba alivua kofia. Ni lazima mwelewe: mtu huyu hakuwa diwani wala mzee wa kanisa. Kahawa yake ilikuwa ya kawaida. Heshima yote aliyokuwa nayo, kuanzia Usa mpaka Momela, ilikuwa imelala nyuma ya kichuguu kile.

"Mama," alisema, "mimi nilikuwa nachunga ng'ombe."

"Nini?" aliuliza baba mdogo.

"Ng'ombe! Wa kuchinja. Jeshi linakula nini, mawe? Mjerumani aliuliza sisi watu wa Meru tunajua kazi gani. Nikamwambia migomba na ng'ombe. Migomba huko haikuwapo."

"Na bunduki?"

"Nilishikishwa siku ya gwaride."

"Na siku ya mtoni, kaka? Siku ya kichuguu?"

"Risasi zilipoanza nilikuwa nyuma huko kwenye matete, nimeng'ang'ania mkia wa fahali. Kichuguu nilikikalia baadaye, nikapumzika."

"Sasa wale wote uliowaua?"

"Mbu," Baba alisema. "Hao niliwaua wengi."

Wageni walicheka mpaka mshenga akajishika mbavu. Baba mdogo alicheka kuliko wote, na machozi yake sijui yalikuwa ya kicheko au ya msiba. Bibi peke yake hakucheka. Alimkazia Baba macho.

Baba akatoka, akaenda kwenye ua wa mpaka, akakata jani la isale. Akarudi nalo, akapiga goti mbele ya yule bibi, akampa kwa mikono miwili.

Kicheko kikakatika. Isale kwetu ni jani la kuomba msamaha. Hata ukimkosea mtu vipi, akilipokea hawezi kukukataa. Aliyechunga ng'ombe anaomba msamaha wa nini? Hakuna aliyeuliza. Mimi mwenye shule sikuuliza, na mpaka leo sijamuuliza.

Bibi alilipokea. Alilikunja, akaliweka ndani ya shuka lake, kifuani. Kisha akamwambia mwanawe neno moja tu, na mwanawe akamgeukia mshenga.

"Damu hakuna."

Kule mlangoni kata ilianguka, maji yakamwagika, na Mama akasema afadhali, kulikuwa na vumbi.

Tangu siku hiyo Baba akawa Mzee wa Mkia. Kanisani, sokoni, mferejini. Watoto walimwimbia njiani, naye aliwajibu kwa kulia kama ng'ombe. Rufiji hakuisimulia tena.

Aliisimulia mara moja. Siku ya kumpeleka dada, kule Oldonyo Sambu penye upepo wa kung'oa masikio, watu wakiwa wanacheza, bibi alimwita Baba akae naye kwenye ngozi. Nilikuwa hapo nikiwagawia nyama. Kwa mara ya kwanza nikamsikia anasema Kiswahili.

"Pale mtoni, pakoje?"

Baba akaiweka nyama chini. "Maji ni ya kahawia, mama. Yanakwenda polepole."

"Pana miti?"

"Pana miti mikubwa. Waliobeba mizigo walikuwa wakiitua kivulini."

"Waliokufa, walizikwa?"

"Wenzao waliwazika. Niliwaona kutoka ng'ambo. Walitandika majani kwanza."

Bibi aliangalia mlima. Halafu akauliza tena habari za miti, na Baba akamweleza tena tangu mwanzo, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, na safari hii mto haukuongezeka upana.