Ngamia wa Risasi

Siku ya tatu baada ya kumzika mama, nilitoka kwenda sokoni Garissa kununua sukari ya wageni, nikapita kwa fundi wa betri. Alikuwa anayeyusha risasi ndani ya kopo. Harufu yake iliponifikia, nikaegemea ukuta. Wewe unanijua, mimi si mtu wa kuzirai ovyo. Acha nikueleze.

Nilikuwa na miaka tisa wakati wa vita vya shifta, askari walipokuwa wakiwasaka waasi huku kwetu. Baba alikuwa mhunzi. Ngamia wetu wote walikuwa wameuawa malishoni, na bibi yangu, aliyewalea tangu wakiwa wadogo, akaacha kula. Hata chai ya maziwa yenye iliki aliisukuma kando. Ndipo baba alipoanza kumfinyangia ngamia kwa udongo wa mto Tana, kila mmoja kwa sura yake: huyu sikio limechanika, yule nundu imelala upande. Udongo ukikauka aliukandamiza katika mchanga wenye unyevu kupata kalibu, kisha akamimina risasi aliyoitoa kwenye betri za malori mabovu. Mimi nilivuta mivukuto. Ngamia akishapoa, bibi alimweka kiganjani, akamwita kwa jina, akala vipande viwili vya mkate wa anjera. Ilitutosha.

Nyumbani kwetu ni mimi peke yangu niliyejua Kiswahili. Mwalimu wetu, mtu wa bara, alinisifu, na baba alitembea na sifa hizo mji mzima.

Asubuhi moja ya msako, askari waliingia uani. Chungu cha kuyeyushia kilikuwa motoni.

"Hiki ni nini?" mmoja aliniuliza.

"Ni risasi, afande." Ndilo neno tulilofundishwa shuleni.

"Nani anatengeneza?"

"Baba. Kila siku anatengeneza moja."

"Anampa nani?"

Nikaona haya kusema bibi huchezea ngamia kama mtoto. Nikarudi kuvuta mivukuto.

Baba hakuelewa hata neno moja. Alinitazama kwa fahari, akaitikia kwa kichwa kila nilipojibu. Walipomfunga mikono bado alikuwa akinitazama, akingoja niwaeleze. Sikuwa na neno jingine. Mama alikimbilia ndani, akatoka na ngamia wale kwenye upindo wa guo lake, lakini lori lilikuwa limeshaondoka.

Baba hakurudi. Hatukuonyeshwa hata kaburi. Bibi hakumaliza mwezi.

Neno "betri" tu lingetosha kuwaonyesha kwamba sikusema risasi za bunduki. Nilikuja kulitambua hilo nikiwa msichana mkubwa, na tangu hapo sikuthubutu kumwambia mtu.

Sasa ua ule umejengwa maduka, na sijui mtu mwingine aliyesubu ngamia kwa mkono. Mama aliishi miaka yote hiyo akiwasimulia majirani kwamba mumewe alichukuliwa na watu wasiotaka kusikia. "Mwanangu alimtetea," alikuwa akisema, "tena kwa Kiswahili safi." Amekufa akiamini hivyo.