Mtumbwi wa Chumba cha Pili

Noela, mkata tiketi wa makumbusho yale madogo ya Ifakara, hakuchoka kumchungulia mama mtunza vyombo. Vinu na vyungu alivipangusa juu juu tu, lakini mtumbwi wa Kivukoni aliulowesha kila asubuhi kwa kitambaa, taratibu, kama anayemwogesha mgonjwa. Kisha aliugonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

“Shikamoo mama. Unasikiliza nini?”

“Marahaba. Nasikiliza kama una ufa.”

“Si wa kutazamwa tu?”

Mama aliguna, akaendelea kugonga.

Masika mto ulifurika, maji yakaingia ndani hadi mapajani. Noela alijitwika chungu kikubwa kuliko vyote, akawa anatafuta mlango huku analia. Aligeuka akaona mtumbwi unaelea katikati ya chumba, umejaa vinu na vyungu, kibao cha “Tafadhali usiguse” bado kinaning’inia mbele. Mama alikuwa amesimama nyuma, upondo mkononi.

“Weka chungu, na wewe panda,” alisema kwa sauti ileile ya kila siku. “Polepole lakini, usinikwaruzie.”