Nafasi ya Kumi kwa Mazishi ya Yaya Fiston

Wasee, nimeandika hii nikafuta mara nne. Akili inakataa kabisa. Fiston ameenda.

Moyo. Si Covid, msiniulize kwa inbox. Ijumaa asubuhi alikuwa anapaka siagi kwa mkate aende shift, mke wake Mama Neema akasikia kishindo jikoni. Basi. Hivyo tu.

Kesho anazikwa. Lockdown inasema watu kumi. Kumi! Mtu aliyesalimia nusu ya Sydney! Mama Neema akanipigia, sauti imekwisha: "Wewe ndiyo wa kumi."

Na mimi niko isolation. Mtu wa shift yangu alipatikana positive, text ikaja, close contact, siku kumi na nne. Nimebakisha tatu. Nimepigia hotline mara mbili nikiomba. Hapana ni hapana.

Kwa hivyo niko na nafasi ya kumi na siwezi kuitumia, na haiwezi kubaki wazi. Nitawaambia nimempa nani. Lakini kwanza mjue huyu mtu.

Tulikutana warehouse moja Smithfield, mimi mgeni kabisa, hata pallet jack, ile toroli ya mizigo, sijui kushika. Akaniita mdogo kwa Kifaransa: "Petit, miye uniite Yaya." Nilicheka mpaka supervisor akageuka. Kwetu Kenya yaya ni dada wa kulea watoto! Kwao Bukavu ni ndugu mkubwa. Akasema, "Basi nitafanya zote mbili."

Aki alifanya. Alinifundisha kusoma payslip, akanifundisha forklift, nikiwa na flu akaniletea sombe, ile mboga yao ya majani ya muhogo, kwa bakuli la ice cream.

Jumapili zake zilikuwa za timu yetu ya Waafrika, ligi ya chini kabisa, zile mechi hata Google haizijui. Hakucheza, goti lilikufa zamani. Yeye alikuwa shabiki wa ugenini. Yeye na mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa away end yote.

Ile mechi ya mwaka jana, lockdown ya kwanza imeisha. Treni kutoka Auburn mpaka mwisho wa laini, basi, halafu mguu. Uwanja wenyewe ni nyasi, uzio wa mabomba, kibanda cha soseji ndani ya mkate, na wazungu kama arobaini kwa viti vya kukunja, na mbwa zao.

Mimi natafuta kona tujifiche. Yaya akakataa. "Petit, tumeingia kwa batu, kwa watu. Tunasalimia." Akazunguka uzio mzima, kiwiko kwa kiwiko, mmoja mmoja. Mbwa pia!

Kipa wao akagonga mlingoti wa goli, chini, pwaa. Yaya akasimama: "Sorry! Sorry sana, papa!" Uwanja mzima ukageuka.

Mama mmoja mwenye mbwa akamwangalia. "What did you do to him, love?"

"Hapana, madame! Miye nilikuwa hapa!"

Ikabidi nieleze. Kwetu mtu akiumia unamwambia pole, hata kama hukumgusa, hata kama hukuwepo. Yule mama akafikiria. Tulipofungwa bao la tatu akatugeukia, uso serious kabisa: "Pole." La nne, yeye na mzee wake. Kufika la saba uzio wote unatupigia pole. Nilicheka nikakaa chini kwa nyasi.

Na hapo hapo nikaharibu.

Kipa wetu ni Désiré, Mrundi, dereva wa lori Port Botany, jamaa mkubwa mwenye ndevu. La saba lilipita katikati ya miguu yake. Nikapiga kelele, "Wee Désiré! Hata pazia ingeshika hiyo!"

Wazungu hawakuelewa. Désiré alielewa.

Mechi ikaisha, akakaa golini, akavuta jezi ikafunika uso. Yaya, na lile goti, akapanda uzio. Akaketi naye pale chini, mkono begani, muda mrefu. Mimi nikabaki nje na soseji yangu naangalia.

Tangu siku hiyo Désiré hajanisemesha. Na mimi sikuomba msamaha, niliona ni jokes tu. Kila wiki Yaya ananiuliza, "Petit, umeongea na Désiré?" Namjibu, next week. Alhamisi, kwa simu, akaniuliza tena. Nikamjibu hivyo hivyo.

Ilikuwa mara yetu ya mwisho kuongea, wasee. Jibu langu la mwisho kwake lilikuwa "next week".

Leo asubuhi nikapiga hiyo simu.

"Désiré, ni mimi."

Nasikia injini ya lori.

"Niko kazini."

"Kuna nafasi moja kwa mazishi. Ni yangu. Nataka uichukue."

"Mbona mimi? Uko na marafiki wengi."

"Siku ile yeye alipanda uzio akuje kwako. Mimi nilibaki nakula. Na ile maneno ya pazia, nisamehe, kaka. Nimechelewa mwaka mzima."

Injini ikazima. Jamaa mzima akalia, kwa foleni ya malori. Nami nikalia.

Akapangusa pua, nikamsikia. "Sawa. Nitabeba jeneza, upande wako."

Yaya, kesho saa nne mazishi yako natazama kwa simu, link wametuma tayari. Nimepiga suti pasi, inaning'inia mlangoni. Nitavaa na viatu, hapa hapa bedroom, kamba zote nimefunga. Siwezi kukuzika nikiwa na soksi tu. Désiré akiinua, nami nitasimama.

Lala unono, Yaya wangu. Nenda polepole, goti lisikusumbue.