Mtani wa Kwenye Simu

Siku ile naikumbuka kama kwa kupitia moshi wa kurinia asali, ingawa ilikuwa mchana mweupe. Mtu alimpigia mama simu, akadai anatoka kampuni ya simu. Mama akamuuliza ni mtu wa wapi.

"Mzaramo wa Kisarawe, mama."

Mama alicheka. Sisi Wanyamwezi tunataniana na Wazaramo tangu babu zetu waliposhuka pwani na misafara, na mtani hanyimwi anachoomba. Akamsomea tarakimu za siri alizoziomba, zilizoingia kwenye simu yake. "Chukua, mla papa wewe!"

Nilipofika nyumbani kwa mama Kwihara kutoka kibandani kwangu mtaa wa Ng'ambo, ninakotengeneza kompyuta, akaunti yake ya kuhifadhia mafaili mtandaoni ilikuwa mikononi mwa mwizi. Humo ndimo nilimohifadhi sauti za marehemu baba akiimba kwenye mizinga yake ya nyuki. Sikuwa na nakala nyingine. Nilijaribu kila njia niliyojifunza, haikufunguka.

"Ananitania tu," mama akasema, akampigia, simu ikiwa kwenye spika. "Wewe Mzaramo, umecheza vya kutosha. Nirudishie sauti ya mume wangu, au nije kukuzomea msibani kwenu?"

Nilisikia upepo upande wa pili, kana kwamba mtu yule alisimama mahali pasipo na nyumba.

"Mama," akasema taratibu, "mimi si Mzaramo." Akakata.

Mama aliishusha simu mapajani. Hapo ndipo alipojua kuwa ameibiwa, akaanza kulia.