Mbuzi Aliyekula Nyumba ya Angani

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu chombo cha angani kikirudi duniani na kutua wima, tayari kurushwa tena. Alitaka nishangae. Mimi, rafiki yangu, nilishikwa na wivu, ule ule wa Kendu Bay, kwetu kando ya ziwa, miaka ya sitini.

Binti wa jirani alikuwa na picha. Mjomba wake aliyefanya kazi Nairobi alileta gazeti la rangi, na mama yake akabandika ukurasa mmoja ukutani kwa uji mzito wa muhogo, kama tulivyopamba nyumba zetu za udongo siku hizo. Ilichorwa merikebu yenye mabawa ikitoka kwenye nyumba ya mviringo iliyoelea juu ya mawingu, na dirishani mwanamke akimwagilia mboga. Kwetu ukutani palikuwa na tangazo la sabuni tu.

Nyanya yangu aliitazama merikebu ile akacheka. "Hii inaenda na inarudi? Basi ni yie," akasema, maana mtumbwi kwa Kijaluo ni yie. Tangu hapo sote tukaiita hivyo.

Binti wa jirani hakuionyesha bure. Ukitaka kutazama, sharti umtekee maji ziwani. Nilibeba mtungi hadi utosi ukaniuma, na bado alinisimamia akisema, "Wewe usiguse, mikono yako inanuka samaki wa omena." Nilimchukia kweli kweli. Nilitaka yie iwe yangu, na kama haiwezi, basi isiwe ya mtu.

Siku moja wenyewe wakiwa shambani, niliweka mtungi chini, nikatazama mara ya mwisho, nikatoka na kuacha mlango wazi. Nilijua jinsi mbuzi wa nyanya alivyopenda uji wa muhogo.

Alikula ukurasa karibu wote. Mbuzi akapigwa, nyanya akaomba radhi, binti wa jirani akalia hadi akapata kwikwi. Jioni alikuja kwetu na kilichobaki, bawa moja lenye alama za meno.

"Chukua," akasema. "Wewe ndio uliipenda kushinda sisi wote."

Nikamwonea wivu upya, sasa wa roho yake nzuri.

Nyumba ile ya udongo haipo tena, na kuta za saruji hazibandikwi kitu. Yeye aliolewa kisiwani Takawiri. Kila alipokuja kunisalimu nilimpikia chai, nikajiambia nitamweleza habari ya mlango. Mara ya mwisho nilimsindikiza hadi ufukweni, nikasema moyoni, nitamwambia akirudi.