Mzee Kombo Alivyopisha Njia Angani

Kwa miaka ishirini na sita Mzee Kombo alipishanisha treni stesheni ya Itigi. Reli ni moja. Ya kwenda ikikutana na ya kurudi, moja huingia pembeni ikasimama mpaka mwenzake apite. Ukikosea, watu wanazikwa. Halafu likaja hilo neno ubinafsishaji, Mzee akapunguzwa kazini. Mwaka uleule akamzika mkewe, Rahma. Jamani, mtu yule alikuwa hoi bin taabani.

Binti yake Nasma alikuwa na kibanda cha kuchapa barua, kinachoendeshwa kwa jenereta. Mchana, wateja wakiadimika, alimwachia baba yake kompyuta, na ndani yake mlikuwa na mchezo wa vyombo vya angani, unaochezwa na watu wengi mtandaoni. Wengine huupenda kwa vita vyake. Mzee aliupenda kwa sababu mbali kule hakuna mtu, ni kutupu kuliko pori la Itigi wakati wa kiangazi. Siku kumi na moja alisafiri akichota mafuta kwenye majua, na mara moja aliponea chupuchupu jua moja lilipolipuka. Mwishowe akaifikia nyota ambayo haijawahi kufikiwa na yeyote, akaipa jina Rahma. Lakini jina halikubaliwi mpaka chombo kirudi salama kituoni. Kikivunjika njiani, linafutika pamoja na safari nzima.

Kituo kilikuwa kimeshaanza kuonekana pale chombo kingine kilipotokea mbele, kikija moja kwa moja. Vidole vya Mzee havikungoja akili. Alipunguza mwendo, akasogea pembeni, akazima injini, akawasha taa kumwambia mwenzake apite.

"Baba, kimbia!" Nasma alipiga kelele nyuma yake. "Huyo ni jambazi!"

Wahenga husema wema hauozi. Wa Mzee Kombo ulioza papo hapo. Yule mgeni alifyatua mara tatu, na kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

"Mbingu yote ile, Baba," Nasma alisema kwa huruma, "ulikuwa unampisha ya nini?"

Kwenye kioo yalitokea maandishi yakimuuliza kama anataka kuanza upya. Aliyasoma polepole, kisha akavaa kofia yake ya kazi, ambayo tangu apunguzwe hakuna aliyemdai airudishe.

"Mwanangu," alisema, "mwaka huu nimeanza upya mara mbili. Ya tatu siiwezi. Zima jenereta."