Niliandika Kwamba Kipa Ameuza Mechi

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitetee. Nilimharibia jina kijana asiye na hatia, tena kwa kalamu, na kwa miezi kadhaa nililala usingizi mtamu.

Ilikuwa miaka ya sabini, Rhotia. Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima na kipa wa timu ya kijiji. Akatokea kijana, nitamwita Bura, akanipokonya lango. Kocha hakuniita hata pembeni kunieleza, alinipa ndoo ya maji niwabebee wachezaji. Mimi, mwalimu! Hadi leo nikikumbuka, damu inachemka.

Kijiji kilikuwa na gazeti la ukutani pale duka la ushirika, limeandikwa kwa mkono kwenye karatasi za manila. Habari za michezo niliziandika mimi, kwa jina la Jicho Kali. Watu walizipenda kwa sababu sikuwa na haya. Tukishinda, ni ushujaa wetu. Tukifungwa, refa kaonea. Bura akidaka mipira kumi, sikuiona. Ukimponyoka mmoja, niliupa aya nzima.

Siku kijiji jirani cha Endamarariek walipotufunga matatu, mvua ilikuwa imenyesha na mpira unateleza kama sabuni. Niliona kwa macho yangu. Lakini nikaandika: "Kipa wetu amechumbia Endamarariek. Nani asiyejua kwamba mkwe hanyimwi?"

Nilibandika huku nacheka. Wiki ile ile Bura akaondolewa kwenye timu. Majirani wakaacha kumwita kwenye kilimo cha pamoja, maana kwetu aliyesaliti wenzake halimi nao. Mimi nikarudi golini, na nilifurahi, nisiwadanganye.

Sasa, mama yake Bura alikuwa mwanafunzi wangu. Alianza hajui hata a. Alasiri moja nilimkuta mbele ya ile karatasi, kidole kwenye mstari, anasoma neno moja moja mpaka mwisho. Ndiyo maandishi ya kwanza aliyoyasoma bila msaada. Akanigeukia.

"Mwalimu, huu mwandiko naujua. Ni ule wa ubaoni."

"Wengi wanaandika hivyo, mama."

"Labda. Ila mimi sijawahi kuona mwingine."

Hakupiga kelele. Aliendelea kuja darasani, tena akawa wa kwanza kufika. Nilidhani amesamehe. Kumbe anajifunza kuandika.

Wakati huo nilikuwa nimechumbia Karatu mjini, na siku ya kupeleka mahari ilishapangwa. Baba wa binti akaniita, akanipa barua niisome mbele yake. Ilikuwa ya yule mama, mistari inapanda na kushuka, na hakuacha kitu.

"Kijana," mzee akaniambia, "kama jirani umemfanyia hivi kwa ajili ya mpira, mwanangu akiunguza ugali utamfanyaje?"

Posa yangu ikaishia hapo. Binti akaolewa na mwingine. Bura alihamia Malambo, na nasikia hakugusa mpira tena. Yule mama nilimchukia miaka mingi, ingawa kisasi chake kilikuwa cha haki na changu kilikuwa cha ndoo ya maji.

Nawe unayeandika habari za mpira huku una lako moyoni, weka jina lako halisi pale chini. Mkono ukisita, chana hiyo karatasi.